Vipimo Viko Sawa, Lakini Homa Inakuja Saa Ngapi?

Dada yangu, umeeleza kwamba kwa miezi minne sasa unachoka, viungo vinauma na usiku unatoka jasho, kwamba umepimwa mara tano na kila mara ukaambiwa vipimo viko sawa, na kwamba daktari wa mwisho amekushauri upunguze mawazo. Unauliza kama mtu anaweza kuwa anaumwa kweli ilhali vipimo havionyeshi kitu. Anaweza kabisa. Yalinipata mimi mwenyewe, nami nakusimulia kwa kirefu kwa sababu nahisi jambo lililokosekana kwangu ndilo linalokosekana kwako.

Mimi ni mwalimu, naishi Arusha. Homa zilinianza mwezi Februari. Mara ya kwanza nilikwenda zahanati saa 3 asubuhi, kama wengi tunavyofanya ili tuwahi foleni na kurudi kazini. Kipimajoto kilisoma nyuzi 36.8, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na hata hivyo nikapewa dawa mseto. Mara ya pili niliambiwa nina taifodi, nikameza siprofloksasini kwa siku 10, nikapata nafuu ya wiki moja, kisha homa ikarudi pamoja na maumivu ya kiuno yaliyonilazimu kufundisha nikiwa nimekaa. Mara ya tatu ikawa taifodi tena. Mara ya nne niliambiwa ni msongo wa mawazo, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kulia mbele ya daktari, hata mimi niliamini.

Usiku mmoja mume wangu aliamka akakuta khanga niliyojifunga imelowa chapachapa. Alipoikamua, maji yalichuruzika ndani ya beseni. Akachukua kipimajoto cha mtoto, akanipima: nyuzi 38.7, saa 5 usiku. Asubuhi yake alinipima tena, ikawa 36.6. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa zaidi ya miezi miwili nilikuwa nikijipeleka hospitali saa ile ile ambayo mwili wangu umetulia.

Nilinunua daftari la shule, nikawa naandika joto la asubuhi, la jioni na la usiku, mahali panapouma, dawa niliyomeza, na kama nimeamka nimelowa au mkavu. Baada ya wiki tatu mwenendo ulionekana wazi: joto lilipanda jioni kwa siku kadhaa mfululizo, likashuka kwa siku chache kana kwamba nimepona, kisha likapanda upya. Nililipeleka daftari hilo kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akalifunga, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: «Mwalimu, kwenu mnafuga?»

Tunafuga. Likizo ya Desemba nilikuwa kwa wazazi wangu Hai, ng'ombe akatupa mimba, kondo la nyuma likakwama, nami nikamsaidia baba kulitoa kwa mikono mitupu. Isitoshe, maziwa ya mgando ya nyumbani kwetu hutengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa. Daktari alianza kwa kuhakikisha kwamba si kifua kikuu wala VVU, kwa kuwa jasho la usiku halipaswi kuachwa bila kuchunguzwa hayo, kisha akaagiza damu ipimwe brusela, ugonjwa wa bakteria ambao mtu huupata kwa mifugo, kwa kugusa kondo kama lile au kunywa maziwa yasiyochemshwa. Ndiyo iliyokuwa. Nilichomwa sindano za gentamaisini kwa siku 7 na kumeza doksisaiklini kwa wiki 6 kamili. Wiki ya tatu nilijisikia mzima kiasi cha kutaka kuacha, lakini muuguzi alinisihi nisithubutu, kwa sababu bakteria hawa hujificha ndani ya seli na ugonjwa hurudi dozi ikikatishwa.

Kuhusu taifodi yangu ya mara mbili, daktari alinieleza kwamba kipimo nilichofanyiwa, kiitwacho Widal, hutazama kinga zilizomo kwenye damu, ambazo huweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani, na kwamba njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, yaani kuona kama bakteria wenyewe wataota. Baadaye nilisoma utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi kati ya 2007 na 2008: kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa magonjwa yaliyokutwa ni brusela, leptospirosi na homa ya Q, yote yatokayo kwa wanyama. Nilipousoma nilikumbuka zile pakiti za dawa mseto, na niliumia sana.

Sisemi kwamba una brusela, na nakuomba usiende duka la dawa kununua doksisaiklini kwa sababu ya maelezo yangu. Wala sidharau msongo wa mawazo, maana ni ugonjwa wa kweli unaostahili tiba yake. Lakini usikubali uwe jibu la kufungia faili kabla joto la usiku halijapimwa hata mara moja. Ukianza kupungua uzito, ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, au miguu ikifa ganzi, usingoje daftari lijae, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vinginevyo anza leo. Pima saa 12 jioni, pima tena saa 5 usiku, andika tarehe na namba yenyewe badala ya kuandika tu «nilijisikia vibaya». Orodhesha dawa zote ulizopewa tangu mwanzo na jinsi kila moja ilivyokufanya. Ukipata daktari anayekusikiliza, mrudie huyo huyo, ili kila ziara isianze upya. Na kama kwenu mnafuga, au mnakunywa maziwa yasiyochemshwa, liandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza.