Mzee anatoa damu chooni: tuongeze chupa ya dawa ya bawasiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, yuko Machame. Mwezi wa nne huu anaona damu akijisaidia. Alinunua dawa ya bawasiri stendi, damu ikakata wiki mbili, sasa imerudi. Tumuongezee chupa nyingine?

JIBU: Marahaba. Hapana, msinunue. Kinachonitia hofu ni zile wiki mbili damu ilipokata, maana ndizo zilizowatuliza. Uvimbe wa utumbo mpana hautoi damu kila siku: hutoa leo, hunyamaza hata mwezi, kisha hutoa tena. Muuza dawa anachukua sifa ya damu iliyokata yenyewe.

Huenda mzee ana bawasiri kweli, wengi wa umri wake wanazo. Lakini kuwa na bawasiri hakumkingi mtu na saratani iliyo sentimita chache juu yake. Napokea wazee waliotibiwa "bawasiri" mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuvaa glavu akawapima njia ya haja kwa kidole. Ni kipimo cha dakika moja hivi. Najua kwa mzee kulala ubavu mbele ya daktari aliye rika la mwanawe ni jambo zito. Mwambieni daktari mapema, awekewe pazia, abaki na watu wachache. Baada ya hapo hupimwa wingi wa damu, na mara nyingi katika umri huo kolonoskopi, ule mpira wenye kamera, hospitali ya KCMC pale Moshi wanafanya. Kinyama kidogo kikionekana hukatwa humo humo, kabla hakijawa saratani.

Na hawa wanaotangaza kwa vipaza sauti kwamba unga wao "unang'oa bawasiri bila kupasuliwa", wamemchungulia nani ndani? Wapo wanaopaka dawa za kuunguza. Nimeona njia ya haja iliyobaki kovu tupu, mtu hawezi tena kuzuia choo.

Wazee wanaomeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya magoti nao wajihadhari: huleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na choo huwa cheusi, chenye kunata kama lami. Choo cha namna hiyo, au damu nyingi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio: hospitali usiku huo huo, msingoje kupambazuke. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kabla ya kuongea na daktari.

Baba aje wiki hii. Bebeni dawa zake zote, na hiyo chupa ya stendi pia, hata kama haina lebo.