Firigisi ya baba

Kwetu, kuku akichinjwa, mama alihakikisha kwanza firigisi ipo kwenye bakuli la baba. Ikikosekana, chakula kinageuka kesi. Mimi nilikaa pembeni naangalia, nikihesabu miaka ya kuwa baba.

Miaka ikafika. Kila Ijumaa mimi na wenzangu tulikuwa baa: mbuzi kilo mbili, ndizi choma, kachumbari, bia. Ukiagiza samaki unaulizwa, "Mkeo kakukataza nyama?" Tukishashiba tulikuwa bado tunaongeza nusu kilo, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema imetosha.

Usiku mmoja kidole gumba cha mguu kikawaka moto. Shuka likikigusa tu, nauma meno. Hospitali wakasema ni gauti, ambayo wengine tunaiita jongo. Nyama nyekundu, maini, figo na bia huongeza asidi ya yuriki mwilini. Ikizidi, inaganda kama chembe za kioo ndani ya maungio. Huwashika zaidi wanaume. Ndugu yangu, ukiona dalili hizo nenda kapime damu, usijinunulie diklofenaki dukani ukazoea. Ile hutuliza maumivu tu, na ukiitumia ovyo inaweza kukuharibia figo.

Dawa niliimeza bila taabu. Kilichonishinda ni ile meza ya Ijumaa. Mwanzoni nilidanganya kwamba nimeshakula nyumbani, wakazidi kunisukumia sahani. Nilipowaambia wazi kwamba naumwa gauti, na sababu yake ni hii nyama tunayokula, wawili wakanivuta pembeni: na wao vidole viliwahi kuwawaka. Walikuwa wamenyamaza miezi. Kwa hiyo sema mapema, tena mbele ya wote. Siku hizi tunaagiza kilo moja watu watano, na ugali na mchicha.

Kuna anayenijibu kwa kuwataja Wamasai, kwamba mbona wao hula nyama kila siku. Ni kweli morani huenda orpul, kambi ya kula nyama, mbali na macho ya wanawake. Lakini chakula cha kila siku cha Mmasai wa zamani kilikuwa maziwa. Nyama ilikuwa na siku zake, na supu yake ilichemshwa na mizizi na magome ya miti.

Jumapili iliyopita mke wangu aliniwekea firigisi kama kawaida. Nikaihamishia kwa binti yetu. Akaitafuna muda mrefu, akasema ni ngumu lakini tamu. Kaka yake alikuwa pembeni, anaangalia.