Kabla hujamkabidhi mtu ujenzi wako Mwanza, litafute jina lake kwenye rejista

Ndugu zangu kadhaa wamejenga Mwanza wakiwa wanaishi mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nawasimamia. Mkandarasi huja na faili nene la vyeti. Nalipokea kwa heshima, nanakili namba, kisha naenda kumuuliza aliyevitoa. Nawasihi nanyi mfanye vivyo hivyo.

Tuzitenganishe karatasi kwanza, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kinaonyesha tu kwamba kampuni au jina la biashara limesajiliwa. Leseni ya halmashauri inamruhusu mtu kufanya biashara. Kama anaruhusiwa kujenga jengo la ukubwa unaoutaka, wa kuulizwa ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Tazama aina ya kazi, daraja, na kama usajili bado uko hai. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, la kwanza ndilo la juu, na kila daraja lililo chini ya hilo lina kikomo chake cha thamani ya kazi. Mhandisi mtafute ERB, bodi ya wahandisi; msanifu majengo AQRB, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi.

Kwenye nyumba ya dada yangu kule Buswelu tuliletewa cheti kisicho na doa. Namba ilikuwemo kwenye rejista, usajili haujaisha. Ila muhuri uliogongwa kwenye makadirio ulikuwa na jina linalofanana na lile la kwenye cheti, limeongezwa neno moja mwishoni. Nikalipia upekuzi wa kumbukumbu za kampuni hiyo BRELA. Wakurugenzi wa kampuni yenye cheti walikuwa wawili, na bwana tuliyekuwa tunapatana naye bei hakuwemo. Tukaitafuta sisi wenyewe ofisi ya kampuni hiyo bila kutumia namba ya simu aliyotupa yeye. Hawamjui. Dada alikuwa anajiandaa kutuma malipo ya awali wiki hiyohiyo.

Fundi mwashi wa mtaani ni habari nyingine. Humkuti CRB, hata kama amesomea chuo cha ufundi cha VETA Nyakato na kazi anaijua vizuri. Historia yake ni nyumba alizojenga. Mwombe akupeleke kwenye iliyokwisha kupigwa mvua za miaka kadhaa, na kwa vilima vyetu hivi vya mawe, shuka upande wa chini ukague ukuta unaozuia udongo: una nyufa? Umeachiwa matundu ya kutolea maji? Halafu rudi siku nyingine uzungumze na mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo.

Wenzangu wa mwaloni, kwenye biashara ya samaki, nao wanafuatwa na wauzaji wa makaushio ya dagaa "yenye hataza", yaani haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi. Waombe namba, uliza imetolewa nchi gani. Kwa Tanzania Bara hataza zinashughulikiwa na BRELA, na kuwasilisha ombi si kupewa. Hataza ya nchi nyingine hailindi chochote hapa. Iliyopitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, kule Harare inahesabika iwapo Tanzania ilitajwa. Na hata ikiwa halali, inathibitisha kwamba uvumbuzi ni mpya, haithibitishi kwamba dagaa watakauka. Kwa hilo, peleka ndoo ya dagaa wako siku ya mvua, waliwashe kaushio ukiona.