Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Gari Kwenye Chumvi, Jua na Vumbi la Pwani

SWALI: Assalaam alaikum, Mhariri. Ninaishi Mayungu, karibu sana na ufuo, na gari langu ni Toyota la buluu iliyokoza, nililolinunua likiwa limeshatumika Japani. Kazi yangu ni kupeleka wageni, mara nyingi hadi lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Kijana wangu huliosha kila jioni kwa maji ya kisima na sabuni ya unga, na kila asubuhi hulipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu kabla sijatoka. Pamoja na bidii yote hiyo, paa na boneti vimepauka, na kwenye milango na vioo kuna madoa meupe ya matone yasiyotoka. Fundi mmoja ananishauri nipige rangi upya gari zima. Je, hili ni jua au ni chumvi, na nifanyeje? (Msomaji, Mayungu, Malindi)

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Jua na chumvi vina sehemu yao katika haya unayoyaeleza, nasi tutayafikia, lakini kwa namna ulivyoandika, kinacholiumiza gari lako zaidi ni mkono: sabuni ya unga ya kila jioni na, kuliko vyote, kitambaa kikavu cha kila asubuhi. Tunalitanguliza hili kwa sababu ndilo unaloweza kulisimamisha kesho bila kutoa hata shilingi moja, na pia kwa sababu hatungependa kijana anayeamka mapema kwa ajili yako aonekane mzembe. Amejitahidi sana, ila hakuna aliyemwonyesha njia inayofaa.

Rangi ya gari la kisasa ina matabaka. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia, na hilo ndilo linalong'aa na kuikinga buluu iliyo chini yake. Kwa magari mengi yanayotoka kiwandani, matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, yaani sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na klia peke yake ni kiasi cha maikroni 40 au 50. Hiyo ndiyo akiba yote ya gari kwa maisha yake, na gari lako lilikwisha kutumia sehemu yake huko Japani kabla halijafika bandarini Mombasa. Vumbi jekundu la njia ya Sala lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko klia, na kitambaa kikavu kinapozisukuma juu ya boneti hufanya kazi ya msasa. Mikwaruzo ya siku moja haionekani, ila ikirudiwa kila asubuhi hujaa, mwanga hukosa kuakisiwa sawasawa, na jicho huiona rangi kuwa imepauka hata pale ambapo buluu yenyewe ingali nzima.

Sabuni ya unga ilitengenezwa kwa ajili ya nguo. Ina ukali wa magadi, huondoa nta yote iliyomo juu ya rangi, na chembe zake zisipoyeyuka vizuri huongeza mikwaruzo. Shampuu ya gari haina ukali huo, na chupa moja huchukua muda mrefu kwisha, kwa hivyo tofauti ya gharama si kubwa kama inavyodhaniwa dukani. Tunamwomba kila msomaji aachane pia na ile desturi ya kupaka dizeli juu ya plastiki nyeusi na matairi ili ving'ae: hung'aa kwa siku moja, kisha huvuta vumbi, na mpira huharibika polepole.

Sasa chumvi. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu hewani, na unyevu huo ukipita asilimia 75 chumvi huyeyuka yenyewe. Usiku wa Malindi hewa hupita kiwango hicho mara nyingi, hivyo chumvi iliyotua mchana ikiwa kavu hugeuka utando wa maji ya chumvi usiku, ikaingia mahali popote palipochubuliwa na kijiwe, kisha ikakauka tena jua linapopanda. Klia iliyo nzima haidhuriki sana kwa chumvi. Inayodhurika ni bati iliyofunuliwa, hasa mbele ya boneti, kwenye kingo za madigadi na chini ya milango. Wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini kwa nguvu na kurusha rasharasha za mawimbi hadi uani pa nyumba za ufuoni, gari la Mayungu hupata chumvi nyingi kuliko gari la Barani au Maweni. Kwa hiyo si kosa kulimwagia gari maji kila jioni. Lisuuze kila siku ukipenda, pamoja na chini yake na ndani ya madigadi, kwa maji yanayotiririka tu, bila kuligusa. Kulisugua kwa shampuu kunatosha kufanywa mara moja kwa wiki, au ukirudi kutoka Sala.

Ukifika siku ya kulisugua, subiri kivuli na bati ipoe, kwani maji na povu vikikaukia juu ya boneti yenye moto huacha alama. Mwaga maji mengi kwanza, kuanzia paa kushuka chini, hadi mchanga wote uliolegea uondoke. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayookoa rangi. Kisha chukua ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya maji matupu, na kitambaa cha maikrofaiba chenye manyoya. Osha kipande kimoja kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha, kisha kisuuze kitambaa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kukirudisha kwenye shampuu. Utastaajabu kuona mchanga uliotulia chini ya ndoo ile, mchanga ambao hapo awali ulikuwa ukirudishwa juu ya gari. Sehemu za chini ya milango na bampa la nyuma zioshwe mwisho, kwa kitambaa kingine. Kitambaa kikidondoka chini, hakirudi kwenye rangi siku hiyo.

Madoa yako meupe yanatoka kisimani. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba chokaa, na karibu na ufuo chumvi pia. Tone likikauka, maji huondoka na chokaa hubaki. Madoa machanga hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa: paka kivulini, acha kwa dakika moja, kisha suuza kwa maji mengi na urudie ikiwa lazima. Ndimu usitumie, maana ukali wake huwezi kuupima. Yale yaliyokwisha kuila klia hayatatoka kwa siki, yatahitaji polishi. Ili mengine yasizaliwe, maji ya mwisho yawe ya mvua au ya mfereji, na gari likaushwe mara moja kwa kitambaa safi chenye unyevu kilichokamuliwa vizuri. Masika yanapoingia, kinga maji ya paa la nyumba katika tangi. Jerikeni moja ya lita 20 inatosha kusuuza gari dogo mara ya mwisho, na kwa mtu wa pwani hakuna shampuu wala nta inayoshinda jerikeni hiyo kwa faida.

Kuhusu kupiga rangi upya, tunakusihi usikubali kabla ya kufanya jaribio hili. Lioshe gari, kisha ulowanishe boneti na uitazame. Ikiwa buluu inarudi ikiwa imelowa na kupauka tena inapokauka, basi klia imekwaruzika juujuu tu, na fundi mwenye mashine ya polishi na mkono wa subira anaweza kuirudisha. Ikiwa klia inabanduka kwa magamba, au ukingo wake unaushika kwa ukucha, polishi haitasaidia, na hapo kipande hicho, si gari zima, ndicho kinachohitaji rangi. Fahamu kwamba kila polishi huondoa sehemu ndogo ya klia, hivyo si kazi ya kufanywa kila mwezi.

Baada ya polishi ndipo inapokuja nta. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki ya Brazili, hupendeza sana, lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 80 na kitu, na boneti ya rangi iliyokoza chini ya jua letu hukaribia joto hilo, kwa hiyo haidumu. Kwa kazi yako tungechagua nta ya kutengenezwa kiwandani, inayostahimili miezi kadhaa, ukaipaka mwishoni mwa Machi kabla kusi haijashika na tena kabla ya kaskazi. Utajua imekwisha pale maji yanapotandaa juu ya boneti badala ya kusimama kwa matone. Ile kinga ya seramiki inayouzwa kwa bei kubwa hudumu zaidi, lakini haizuii kijiwe wala madoa ya chokaa, na ni hasara kuiweka juu ya gari linaloendelea kupanguswa kwa kitambaa kikavu.

Na jua? Malindi iko kiasi cha nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na ndiyo sababu paa na boneti hutangulia kuharibika kabla ya milango. Nta hupunguza madhara hayo kidogo tu. Kivuli ndicho dawa, na banda la makuti lililo wazi pande zote, hewa ikapita na umande ukakauka mapema, linafaa kuliko gereji iliyofungwa yenye unyevu.

SWALI: Mimi ni mwalimu kisiwani Amu. Gari langu hubaki Mokowe karibu na gati, nami huvuka kwa boti na kurudi mwisho wa wiki. Hulifunika kwa turubai la plastiki nililolifunga kwa kamba. Hivi karibuni nimeona mikwaruzo kwenye kona zote, na chini ya milango miwili rangi imeinuka kwa vivimbe vidogo. Turubai halikutosha? (Mwalimu, Lamu)

JIBU: Mwalimu, turubai hilo ndilo lililosababisha mikwaruzo. Upepo wa gatini hulichezesha usiku na mchana, na mchanga uliokwama chini yake hukwaruza kona. Isitoshe, plastiki haipumui, hivyo unyevu na chumvi hufungiwa ndani pamoja na gari. Ukipata mahali penye paa hatua chache kutoka gatini, hata kwa kulipia, pachukue. Ukikosa, afadhali gari likae wazi likiwa limesuuzwa na kupakwa nta kuliko kufunikwa hivyo.

Vivimbe ni jambo zito zaidi, kwa sababu kutu imeanzia ndani. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, navyo vikizibwa na mchanga, maji ya chumvi hukaa ndani ya mlango na kuila bati kutoka upande usiouona. Vizibue leo kwa kijiti laini cha mbao, usitumie msumari, kisha umimine maji yasiyo na chumvi hadi yatoke safi. Fundi akwangue vivimbe hadi bati ing'ae, asiache hata alama ya kahawia, apige praima ya kuzuia kutu, ndipo apake rangi na klia, na apulizie nta ya kuzuia kutu ndani ya mlango. Akipaka rangi juu ya kutu, vivimbe vitarudi kabla ya mwaka kwisha, na utakuwa umelipa bure. Ili rangi isitofautiane, mpe namba yake: kwenye Toyota iko katika kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Namba 040, kwa mfano, ni ile nyeupe ya kawaida ya Toyota.

SWALI: Kunguru wa hapa Shela, Malindi, hawana huruma, na mwembe wangu hudondosha utomvu. Nifute na nini? (Msomaji, Shela)

JIBU: Dada, usifute kwanza. Kinyesi cha ndege kina asidi na mara nyingi kina mchanga na mbegu ngumu. Jua likikipata, klia hulainika kwa joto, kisha hupoa na kukaza ikiwa na alama yake, na huenda alama ikabaki ndani ya siku moja. Weka juu yake kitambaa kilicholoweshwa maji, ukiache dakika kumi kilainishe, kisha ukiinue bila kusugua na usuuze. Utomvu wa mwembe huondoka kwa spiriti kidogo juu ya pamba, na matone ya lami kwa mafuta ya taa, ila vyote viwili huondoa nta, hivyo mahali hapo paoshwe kwa shampuu na kupakwa nta upya. Ukihama kutoka chini ya mwembe, usiende chini ya mnazi. Chini ya mvinje utapata vijiti vikavu tu, ambavyo maji huviondoa.