Re: Gemu inachezeka kwenye kompyuta, APK (faili la kusakinisha kwenye simu ya Android) inagoma, na kutuma ni kesho

Jambo ndugu wa Bukavu. Kwa hiyo Godot 4.2, programu unayotengenezea gemu, inakataa kukutolea APK, na saa 48 za shindano la gemu zinaisha kesho jioni. Angalia kwanza templeti za kutolea, yaani mafaili ambayo Godot inayatumia kutengeneza APK: zinapakuliwa kando, na toleo lazima lilingane kabisa na la Godot yako. Za 4.2.1 hazikubaliki kwenye 4.2.2. Ni mzigo wa mamia ya megabaiti, basi pakua leo, umeme ukiwepo. Ikigoma bado, tazama kama umeweka JDK 17, yaani vifaa vya Java ambavyo Godot inavihitaji kwa Android, na kama Godot inajua ilipo.

Sisi hapa Goma tunatoa APK siku ya kwanza, ikiwa na mraba mmoja tu unaosogea, ndipo tunachora. Zile leveli zako tano, bakiza mbili. Menyu iache kabisa, nani ataisoma? Kutoa gemu ya iPhone sijawahi kujaribu.