Ghala la babu yako: barua kwa mwanangu aliye Ireland

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku Pangani sote wazima, alhamdulillahi. Ujumbe wako alinisomea mdogo wako, kisha nikavaa miwani nikausoma mwenyewe. Unasema huko mkulima akishatimiza miaka 60 serikali humrudishia nusu ya gharama za mwanasheria na mhasibu, hadi yuro 1,500, ili akae apange nani atalipokea shamba. Na kwamba baraza lao la kutunza urithi wa utamaduni huwasaidia wakulima walio kwenye mpango wa mazingira kukarabati maghala ya zamani, hadi asilimia 75 ya gharama. Ukauliza: kwetu je? Na shamba la Mwera litakuwa la nani?

Nianze na ghala, maana ndilo linaloniuma.

Wewe ulikuta kuta tu. Mimi nililikuta zima: mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, paa la makuti ya viungo. Ndani kichanja cha kukaushia nazi ziwe mbata, chini yake moto wa vifuu na makumbi. Hata sare zetu za shule zilinukia moshi wa nazi. Babu yako alifariki mwaka 1989 bila kusema neno juu ya shamba, nasi tulikuwa ndugu saba. Masika ya kwanza paa likavuja. Mjomba wako mkubwa akaleta makuti aezeke, wenzake wakamwuliza, "Unaezeka kama nani?" Akayapakia tena kwenye mkokoteni akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kugusa hata ufito, maana kutengeneza kulionekana ni kujimilikisha. Masika matatu watu saba wazima tulilitazama likinyeshewa, mpaka boriti zikakatika.

Ndiyo maana niliposoma habari za huko sikuona misaada miwili. Ni mmoja. Asiyejua shamba litakuwa la nani haezeki paa.

Kwetu, fedha za kukarabati ghala la mkulima usizitegemee. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Magofu ya Tongoni yanatunzwa, nami nafurahi kila basi likipita pale. Ghala la babu ni la juzi tu mbele ya hayo. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ipo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu, lakini kwa kawaida ni ya vikundi, na inarejeshwa. Na ule mpango wa serikali wa kilimo cha vijana, BBT, ulioanza na mashamba makubwa ya Dodoma unampa kijana mahali papya pa kulima. Ni jambo jema, ila haumfundishi kupokea shamba la mama yake, na mimi naona hapo pana pengo kubwa.

Tulicho nacho ni karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Ekari zangu sita nimeshaziombea hati. Siku ya kupima niliwaita majirani wote wa mpakani, tukatembea mnazi kwa mnazi hadi kila mmoja akaridhika.

Sasa swali lako la shamba. Nikifa, mirathi itagawanywa kama dini ilivyoamuru, na sina neno juu ya hilo. Wosia nao hauvuki theluthi wala haumwendei mrithi. Lakini nikiwa hai na akili zangu timamu naweza kutoa hiba, yaani zawadi, nikakabidhi kwa mkono wangu. Moyo wangu unaniambia sehemu yenye ghala nimpe mdogo wako, kwa kuwa ndiye anayepalilia na kuangua nazi. Hiba inataka uadilifu kati ya watoto, kwa hiyo wewe na kaka yako lazima mseme mbele yangu, hata kama mtakasirika. Kasirikeni nikiwepo.

Ghala tumeanza. Fundi wa kwanza alitaka kupiga lipu ya saruji, nikakataa. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na lipu ikibanduka inaondoka na jiwe. Tumempata mzee anayejua kulowesha chokaa na kuiacha ilale wiki kadhaa kabla ya kuichanganya na mchanga. Boriti zitasubiri kibali cha Misitu.

Nipigie Ijumaa baada ya swala, kaka yako atakuwepo. Na kama unaweza kufika kwenye mojawapo ya hayo maghala ya huko yanayokarabatiwa, nipigie picha ya mafundi wakichanganya chokaa, kwa karibu. Mzee anataka kuona kama na wao wanailaza.

Mama yako