Standadi ya amoksisilini: kwa nini kila kapsuli inazidi asilimia 100?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Niko mwaka wa mwisho hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu ni kupima kapsuli za amoksisilini za miligramu 250 nilizonunua kwenye maduka ya dawa Kariakoo na Mbagala. Kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali zilizo kwenye myeyusho na kupima kiasi cha kila moja), karibu zote zinanipa asilimia 110 hadi 113 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Standadi, yaani unga wa dawa wenye usafi unaojulikana ninaolinganisha nao sampuli, nimeiingiza kwenye mashine mara sita (sindano sita), na majibu yamepishana kwa chini ya asilimia 1, kwa hiyo mashine naiamini. Je, viwanda vinazidisha dawa? Na standadi ikiniishia, naweza kutumia kapsuli za kampuni inayoaminika badala yake? Chupa mpya ni ghali na inachelewa kufika.

JIBU: Marahaba. Viwanda viache kwanza. Kimoja kinaweza kuzidisha kidogo, lakini vyote vizidishe kwa kiasi kilekile? Hapo mtuhumiwa ni kile kitu kimoja ambacho sampuli zako zote zimelinganishwa nacho, yaani standadi. Sindano sita zikikubaliana, umejua kwamba mashine inarudia jibu lake. Kama jibu lenyewe ni sahihi, bado hujajua.

Soma tena lebo ya chupa. Bila shaka utakuta imeandikwa amoksisilini trihaidreti. Kila molekuli ya dawa hapo imebeba molekuli tatu za maji. Uzito wa molekuli ya trihaidreti ni 419.4, na wa amoksisilini yenyewe ni 365.4. Gawanya, upate 0.871. Ukipima miligramu 28.7 za unga huo kwenye mizani, dawa iliyomo ni miligramu 25 tu. Zilizobaki ni maji. Lebo ya kapsuli nayo huhesabu amoksisilini bila maji. Wewe umehesabu unga wote kuwa dawa, ukaikuza standadi kwenye karatasi, na sampuli zikapanda pamoja nayo. Zidisha 112 kwa 0.871: inabaki 97.6. Kapsuli ya kawaida kabisa.

Hiyo 112 hainisumbui sana. Famakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inaruhusu kapsuli hizi kuwa na asilimia 90 hadi 120, kwa hiyo ripoti yako ingepita bila mtu kuuliza. Sasa chukua kapsuli mbovu, yenye asilimia 80 tu ya dawa. Kwa hesabu yako ingesomeka karibu 92, nayo ingepita. Mgonjwa anameza dawa pungufu, wewe umeandika “imefaulu”. Ndiyo maana nakusihi urudie hesabu za sampuli zote, hata zile ambazo majibu yake yalikupendeza.

Usizidishe kwa 0.871 kibubusa, lakini. Fungua cheti cha uchambuzi kilichokuja na chupa uone usafi umetolewa kwa msingi gani. Kama ni wa unga ulivyo, tumia namba hiyo ya cheti moja kwa moja. Kama ni wa unga usio na maji, pima maji kwa njia ya Karl Fischer (kipimo cha kemikali cha kiasi cha maji) siku unayopima uzito, kisha uyatoe. Trihaidreti safi huwa na takriban asilimia 12.9. Ukichanganya misingi hii miwili utatoa maji mara mbili, na kapsuli zote zitaonekana pungufu. Na kwa unyevu wetu huu wa pwani, chupa iliyotoka kwenye friji iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo mvuke wa hewani utageuka matone ya maji juu ya unga. Unga uliobaki kwenye kijiko usiurudishe chupani.

Kuhusu kapsuli za kampuni inayoaminika: hapana. Kiasi kilichomo humo ndicho unachokitafuta, tena zina viungo vingine visivyo dawa. Unachoweza kufanya ni kutengeneza standadi ya kazi: chukua malighafi safi ya amoksisilini, ipime mara kadhaa dhidi ya standadi ya famakopia, iandikie usafi wake na tarehe, kisha itumie kwa kazi za kila siku. Standadi ya famakopia unaigusa kwa nadra, na chupa moja inakufikisha mbali. Sehemu yake nyingine itunze kwa ajili ya kutambua kilele cha dawa kwenye mchoro wa HPLC, na kwa kuongeza kiasi kinachojulikana ndani ya sampuli ili uone unakirudisha chote au la. Jaribio hilo wanafunzi wengi hulikwepa, na msimamizi mzuri huliulizia kwanza.

Myeyusho wa standadi andaa kila siku. Pete ya beta-laktamu, sehemu ya molekuli inayoipa dawa nguvu yake, hufunguka taratibu ndani ya maji, na famakopia hiyohiyo inataka myeyusho utumike ndani ya saa 6. Umeme ukikatika katikati ya mfululizo wa sindano na saa hizo zikapita, mwaga, pima unga upya, uanze na sindano za standadi.